Mtesaji Yu Wapi? Neno la Kiingereza 'Inflict' Mbele ya Kiswahili

Kati ya maneno ya Kiingereza yanayomsumbua mfasiri wa Kiswahili, yapo ambayo kwa sura ni mepesi kabisa. Neno 'inflict' ni mojawapo. Mwanafunzi hulikuta mapema katika vitabu vya historia na katika maandishi ya sheria, na maana yake haimpi taabu: ni kumfikishia mtu jambo la kumwumiza au la kumtia hasara, iwe pigo, jeraha, adhabu au kushindwa vitani. Taabu huanza atakapo kulisema kwa Kiswahili. Desturi ya kamusi zetu za lugha mbili ni kulipa neno la namna hii safu ya maneno yaliyotengwa kwa mkato, na kumwachia msomaji achague. Naye huchagua lililo karibu na ulimi wake, akidhani kwamba yote ni mamoja.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo si mamoja. Kila neno la Kiswahili liwekwalo mbele ya 'inflict' lina hukumu yake juu ya mambo matatu: nani alitenda, nani alitendwa, na kama tendo lilikuwa la haki. Achaguaye neno huwa amekwisha kutoa hukumu hiyo, hata kama hakujua kuwa anahukumu.

Mifano nitakayotumia nimeiweka Kwai, katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Sikupachagua kwa ajili ya uzuri wa mahali, ingawa uzuri haukosekani. Mwaka 1896 serikali ya Wadachi ilianzisha huko Kwai kituo cha majaribio ya kilimo na ufugaji, ili kupima kama mifugo na mimea ya Ulaya yaweza kustawi katika baridi ya milimani. Mwaka huo huo, tarehe 22 Aprili, Chansela wa Ujerumani alitoa amri iliyopanga jinsi wenyeji wa Afrika ya Mashariki ya Kidachi wawezavyo kupigwa viboko kwa sheria. Mambo hayo mawili hayakuzaliwa na mama mmoja, lakini yalikuja kukaa nyumba moja: mashamba ya wageni katika Usambara yalihitaji watu wa kazi, na chini ya utawala ule kiboko kilikuwa mojawapo ya njia za kuwaweka watu kazini. Basi swali letu, ambalo kwa juu ni la kamusi, kwa ndani ni hili: habari za watu wale tuziandike kwa kitenzi gani? Sentensi nitakazozitoa ni za kutunga, kwa ajili ya kupima lugha, wala si ushahidi wa tukio fulani la Kwai.

Yafaa tuanze na Kiingereza chenyewe. Lugha hiyo ina maneno mawili ambayo hata wenyewe huyachanganya: 'inflict' na 'afflict'. Yote mawili yametokana na kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kupiga, lakini katika sentensi hayakai namna moja. Katika 'inflict', shamirisho ni lile teso lenyewe; pigo au jeraha huchukuliwa kama kitu kinachotoka mikononi mwa mtenda na kutua juu ya mtendwa. Mtendwa hutajwa baadaye, tena kwa kiunganishi, kana kwamba ni mahali pa kuwekea. Katika 'afflict', shamirisho ni yule mtu mwenye kuumia, na mtenda si lazima awe mtu: ugonjwa, njaa na huzuni vyaweza kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo 'inflict' huuliza ni nini kilichofikishwa na kutoka kwa nani, hali 'afflict' huuliza ni nani aliyepatikana.

Sasa tutazame kitenzi chetu kilicho mashuhuri kuliko vyote katika jambo hili, nacho ni *tesa*. Twasema kumtesa mtu, kumtesa mnyama. Hatusemi kutesa maumivu wala kutesa jeraha. Kwa sarufi yake, basi, *tesa* ni ndugu wa 'afflict'. Mfasiri aandikaye *tesa* kila aonapo 'inflict' hajakosa kabisa, kwa kuwa mtu aliyefikishiwa maumivu makali ameteswa. Lakini amepoteza kitu kimoja, nacho ni jina la kile alichofikishiwa. Na mara nyingine amekosa kabisa. Jeshi lililofikishiwa kushindwa halikuteswa, limeshindwa. Mtu aliyefikishiwa faini hakuteswa, ametozwa. Kiingereza chaweza kuvitia vyote hivi katika chombo kimoja. Kiswahili hakifanyi hivyo, na hakina haja ya kufanya.

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kuchukulia teso, na kila kimoja huchagua mzigo wake. Kitenzi cha kwanza ni *tia*. Twatia hofu, twatia uchungu, twatia jeraha, twatia hasara. Neno hili lina fikira ya ndani: kinachotiwa huingia mwilini au moyoni, nacho hukaa humo baada ya mtiaji kwenda zake. Kwa maoni yangu hili ndilo jirani wa kweli wa 'inflict', na ajabu ni kwamba wanafunzi hulisahau kwa sababu ni neno dogo, la jikoni, la kutia chumvi na kutia maji.

Cha pili ni *pa*. Twampa mtu adhabu, twampa kipigo. Hapa teso limekuwa kama kipaji, na mpaji ana mamlaka ya kutoa. Ndiyo maana *kupewa adhabu* kunakaa vizuri katika mahakama na shuleni. Cha tatu ni *toza*, ambacho ni cha mali: faini, kodi, ushuru. Cha nne ni *twika* au *twisha*, neno la wachukuzi, ambalo kwa asili ni kumwinulia mtu mzigo kichwani. Huyu hakupigwa wala hakujeruhiwa. Amewekewa kitu ambacho hawezi kukitua peke yake. Cha tano ni *tendea*, pamoja na mwenzake *fanyia*. Hiki hudai jina la hukumu kifuate: kumtendea mtu unyama, kumfanyia ukatili. Bila jina hilo kitenzi hakisemi kitu, maana mtu aweza kutendewa mema pia.

Kuna na kitenzi kingine ambacho hukigeuza chombo juu chini. Mswahili husema kwamba fulani *amekula* viboko, *amekula* bakora, kama asemavyo amekula hasara. Mtendwa amekuwa ndiye mtenda wa kitenzi, na aliyeshika kiboko hayumo. Usemi huu una mzaha wa uchungu ndani yake, nao hupendeza masikioni. Lakini mtu atakayefasiri habari ya 'inflict' kwa *kula* amekwisha kumwondoa mpigaji katika sentensi, akamwacha mpigwaji peke yake mezani.

Mpaka hapa tumesema habari za mtenda na mtendwa. Imebaki haki, na hapa ndipo maneno matatu, *adhibu*, *tesa* na *onea*, yanapotengana. *Adhibu* ni neno lenye historia ya kufundisha. Kwa Kiarabu, mzizi wake una maana ya kutesa, kumwonjesha mtu maumivu makali. Na maana hiyo ya kale haijafa katika Kiswahili, maana Waislamu wa pwani na bara bado husema adhabu ya kaburi. Lakini katika matumizi ya kawaida neno limehama. Limetoka katika maumivu, likaingia katika sheria. Leo *adhabu* ni teso lenye sababu: pana kosa, pana mwenye amri, pana kipimo. Maumivu yamebaki, ila yamevishwa joho.

Tuyapime maneno haya matatu kwa sentensi moja. Tukisema, 'Hakimu alimwadhibu kwa haki,' hakuna atakayeshtuka. Tukisema, 'Hakimu alimtesa kwa haki,' sentensi inachechemea. Msikilizaji atataka maelezo. Tukisema, 'Hakimu alimwonea kwa haki,' tumesema upuuzi, kwa kuwa *onea* limekwisha kuikana haki kabla neno *haki* halijatamkwa. Na tazama lilivyotengenezwa: ni *ona* lililotiwa kiambishi cha kutendea. Aonewaye ametazamwa na mwenye nguvu, akapimwa, akaonekana kuwa hawezi kurudisha pigo. Sijui kama Kiingereza kina neno moja lenye fikira hiyo yote.

Sasa turudi Usambara na maneno hayo mkononi. Amri ile ya 1896 iliweka kipimo: viboko visizidi 25 kwa mara moja, na mara ya pili isitimie kabla ya kupita wiki mbili. Iliwatoa wanawake katika adhabu hiyo, na pia ikakataza kupigwa Waarabu na Wahindi. Kipimo hicho ndicho kilichoingia katika Kiswahili kwa jina la *hamsa ishirini*, yaani tano na ishirini kwa hesabu ya Kiarabu. Msomaji aone jambo la ajabu katika jina hilo. Halina kitenzi, halina mtu, halina hata kiboko. Ni hesabu tupu. Na bado kila aliyelisikia alijua ni nini kilichofanyika, juu ya mwili wa nani, na kwa mkono wa serikali gani. Watu walichukua kipimo cha sheria, kilichowekwa ili tendo lionekane kuwa adhabu, wakakifanya kuwa jina la mateso.

Katika wilaya ile ile, ambayo wakati ule makao yake makuu yaliitwa Wilhelmstal na leo ni Lushoto, palikuwa na mpango wa *kipande*. Kabla ya Vita vya 1914 mwanamume mwenyeji alipewa kadi, akatakiwa kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, na asiyetimiza aliweza kuchukuliwa kwa kazi za serikali. Kiswahili kilikuwa na neno lake kwa kazi ya kulazimishwa, nalo ni *shokoa*. Kwa hiyo mtu mmoja na jambo moja waliweza kuwa na majina mawili: katika daftari la ofisi huyo ni mwenye kipande ambaye hakutimiza wajibu na amepewa adhabu; nyumbani kwake ni mtu aliyetiwa shokoa na ameonewa. Mfasiri wa leo aketiye na hati ya Kiingereza au ya Kidachi inayosema kwamba adhabu fulani ilifikishwa juu ya wafanya kazi hana njia ya kupita katikati. Akiandika *waliadhibiwa*, amekaa ofisini. Akiandika *walionewa*, amekaa nyumbani. Akiandika *waliteswa*, ameshuhudia maumivu bila kuitaja sheria.

Upo na usemi wa nne ambao ni wa kuangaliwa kwa hadhari zaidi, nao ni *kutia adabu*. *Adabu* na *adhabu* ni maneno mawili yenye mizizi miwili katika Kiarabu, lakini masikioni mwetu yamekaa karibu, na ukaribu huo umeleta fikira kwamba pigo ni mafunzo. Atiwaye adabu hatiwi uchungu, kwa kusema. Anatiwa kitu chema. Teso limegeuka kuwa hisani. Usemi huu haukuletwa na Wadachi, wala haukuondoka nao. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, sheria ya adhabu za chini kabisa iliweka viboko 24 kwa makosa fulani, 12 mfungwa aingiapo gerezani na 12 atokapo. Kwa hiyo lugha ya kipimo iliendelea kuishi chini ya bendera nyingine, na mwenye kuchambua maneno haya asidhani kwamba anachambua dhambi za wageni peke yao.

Nafika sasa katika jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Vitenzi vyetu vya kuumiza vina njia ya kumponyesha mtenda. Toka *tesa* tunapata *teseka*. Toka *umiza* tunarudi *umia*. Toka *sumbua*, *sumbuka*. Toka *athiri*, *athirika*. Tulinganishe sentensi tatu. Ya kwanza: 'Msimamizi aliwatesa vibarua.' Ya pili: 'Vibarua waliteswa.' Ya tatu: 'Vibarua waliteseka.' Mwanafunzi aliyezoea kufundishwa kwamba kutendwa huficha mtenda ataziweka ya pili na ya tatu katika kundi moja. Hilo ni kosa. Sentensi ya pili yaweza kuendelea: waliteswa *na msimamizi*. Ya tatu haiwezi kuendelea hivyo kwa Kiswahili safi. Huendelea kwa *kwa*: waliteseka *kwa njaa*, *kwa baridi*, *kwa kazi nyingi*. Kutendwa huacha kiti cha mtenda kikiwa kitupu, nasi twakiona na kuuliza ni cha nani. Kutendeka hukitoa kiti nje ya chumba.

Kwa bahati nzuri Kiswahili kina kitenzi kimoja kisichokubali hila hiyo. *Onea* hakiwezi kufanywa kutendeka. *Oneka* na *onekana* ni habari nyingine kabisa, za kutokea machoni. Mtu aweza kuonewa tu, na palipo na kuonewa pana mwoneaji. Huenda hii ndiyo sababu moja ya nguvu ya neno hilo katika siasa. Azimio la Arusha la 1967 lilipotaka kusema hali ya wanyonge lilitumia *onea*, *nyonya* na *puuza*, vyote katika hali ya kutendwa. Mtenda hakuandikwa pale pale, lakini kiti chake kiliachwa wazi, na kila msomaji alijua kutazama upande gani.

Hata sheria yaweza kukitumia kiti kitupu kwa hekima. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 13(6)(e), iliyotokana na marekebisho ya 1984, inakataza mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama, na kupewa adhabu za kutweza na kudhalilisha. Humo mtenda hakutajwa kwa sababu anakatazwa kila mtenda, awe askari, awe hakimu, awe mkuu wa gereza. Tena Katiba imeyatenga *tesa* na *adhibu* kama tulivyoyatenga hapa: ya kwanza imekatazwa bila sharti, ya pili imekatazwa pale ipitapo kiasi. Laiti waandishi wa sheria wangalitumia *teseka*, ibara ingalikuwa dua badala ya katazo.

Kinyume cha hekima hiyo ni desturi iliyoenea Tanzania ya kuwaita watu wote waliopatwa na baya *waathirika*. Kwa watu wa mafuriko neno hilo halina lawama. Mvua haina mtu wa kushtakiwa. Lakini tunaliona likitumika pia kwa watu waliopigwa, walionyang'anywa na waliofanyiwa ukatili, ambao kila mmoja wao ana mtu aliyemtenda. Katika Kenya waandishi wengi husema *waathiriwa*. Sauti moja tu imebadilika, *w* mahali pa *k*, na kwa sauti hiyo kiti kimerudishwa chumbani. Mtu asiseme kwamba huu ni ubishi wa wanasarufi. Mwathiriwa aweza kuulizwa ni nani aliyemwathiri. Mwathirika hupewa pole.

Lakini sharti nilijibu pingamizi moja, maana lina uzito. Mtu aweza kusema kwamba naidai lugha yetu ifuate Kiingereza, na kwamba *teseka* na *umia* si udhaifu bali ni uaminifu: yapo mateso mengi ambayo mtenda wake hajulikani, na lugha isiyolazimisha kumtaja ni lugha yenye adabu. Nalikubali hilo kwa nusu. Methali yetu yasema, 'Wapiganapo tembo nyasi huumia.' Kitenzi ni *umia*, cha kutendeka, na hakuna mwenye akili atakayesema kwamba methali imewaficha tembo. Imewataja kwanza. Basi kosa haliko katika kitenzi cha kutendeka. Liko katika kukitumia peke yake, pasipo tembo.

Na hapa Usambara yenyewe ina neno la kutusaidia. Steven Feierman, aliyeandika juu ya Washambaa katika vitabu vyake vya 1974 na 1990, ameeleza semi mbili za Kishambaa zilizobeba fikira yote ya utawala katika milima ile: *kubana shi*, yaani kuiharibu nchi, na *kuzifya shi*, yaani kuiponya au kuitengeneza. Msomaji wa Kiswahili asidanganywe na *bana* yetu ya koleo na mlango. Kubana shi ni kuleta njaa, ukame na kuvunjika kwa maisha. Mfalme mwenye nguvu isiyo na mpinzani aliiponya nchi, na mvua ikanyesha; wenye nguvu waliposhindana, nguvu kwa nguvu, nchi iliharibika. Hao ndio tembo wa methali yetu, wakiwa na majina. Tofauti ni kwamba Mshambaa hakuanza na nyasi. Hata ukame, ambao Mswahili angesema umewapata watu, ulikuwa na mtenda, na mtenda huyo alitafutwa katika nyumba ya kitawala.

Fikira hiyo ina hatari yake. Atafutaye mtenda kwa kila msiba hakosi kumpata, na mara nyingine humpata asiye na kosa. Sisemi, basi, kwamba kamusi zetu zifuate fikira hiyo katika kila jambo. Nasema kwamba kati ya milima hiyo na pwani yapo mapokeo mawili ya kusema mateso, moja lenye kumtafuta mtenda na jingine lenye kuweza kumwacha, na mwandishi mwema wa Kiswahili hujua lini atumie lipi. Tuchukue mfano wa mpango wa kuhifadhi udongo ulioanza bonde la Mlalo mwaka 1946, ukaenea Usambara, na ukaanguka mwaka 1957 kwa kupingwa na watu. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuzuia mmomonyoko. Wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta katika miteremko, na aliyekataa aliweza kushtakiwa. Kwa lugha ya serikali ile ilikuwa kuiponya ardhi. Kwa wengi walioshika jembe ilikuwa kuiharibu nchi. Mwandishi atakayesema kwamba 'wakulima walipata taabu kutokana na matuta' hakusema uongo, lakini matuta hayakujilima wala hayakujiamuru.

Inatakiwa nini, basi, katika kamusi? Katika Usambara kazi hii ina wazee wake. Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, alikuwa amefika Vuga kwa Kimweri mwaka 1848 na tena 1852. Na LangHeinrich aliacha kamusi ya Kishambaa iliyochapwa mwaka 1921. Tena tuna kitabu cha Abdallah bin Hemedi, *Habari za Wakilindi*, ambacho J. W. T. Allen alikihariri na kukitoa upya mwaka 1962: maandishi ya Kiswahili juu ya milima hii, yenye habari za kuinuka kwa Wakilindi na za kuasiwa kwao. Mtunga kamusi atakaye mifano ya vitenzi vya kutesa, kuonea na kudhulumu katika nathari ya kale hana haja ya kuitunga. Na aisome kazi hiyo kwa jicho la nani amtenda nani.

Kwa neno 'inflict' napendekeza maelezo ya namna hii. Kwanza, mtunzi aseme wazi kwamba neno lina mtenda siku zote, na kwa hiyo kitenzi cha kutendeka, *teseka*, *umia* au *athirika*, hakiwezi kuwa tafsiri yake. Pili, kitenzi kichaguliwe kwa kutazama kinachofikishwa: jeraha, hofu na hasara hutiwa, adhabu hutolewa au mtu hupewa, faini hutozwa, viboko hupigwa au huchapwa, unyama na ukatili mtu hutendewa au hufanyiwa, na kushindwa kuwe *shinda* tu. Tatu, *tesa* itumike pale ambapo maumivu ni makali na yanatajwa kwa jumla. Nne, msomaji aonywe kwamba *adhibu* humpa mtenda haki, *onea* humnyima, na *tia adabu* humpa hata shukrani.

Mwenye kamusi atasema kwamba maelezo hayo ni marefu kwa neno moja. Ni kweli. Lakini mwalimu wa historia aliye Kwai leo, akiwaeleza watoto habari za kipande na hamsa ishirini, hana budi kusema sentensi moja fupi, nayo itakuwa na kitenzi. Akisema kwamba wazee wao waliteseka, watoto watawahurumia. Akisema kwamba waliteswa, mmoja wao atanyosha mkono na kuuliza: na nani? Kazi ya kamusi ni kuhakikisha kwamba mwalimu huyo alijua tofauti kabla hajafungua kinywa.